Bunker Hill: Tucheke au Tunyamaze?

Jumamosi ya tarehe 17 Juni 1775, wakulima na mafundi wa makoloni ya New England walipambana na jeshi la mfalme wa Uingereza kwenye rasi ya Charlestown, ng'ambo tu ya mji wa Boston. Dunia nzima inayaita mapigano ya Bunker Hill. Hayakupiganwa Bunker Hill. Kilima kilichomwagikiwa damu kinaitwa Breed's Hill, na kosa hilo la jina ni dogo kuliko makosa mengi yaliyofanyika siku ile.

Nimezisoma habari zake mara nyingi. Kila mara nimecheka, kisha nikafika kwenye hesabu ya waliokufa, nikafunga kitabu. Je, ni halali kuicheka siku kama ile? Swali hilo nimewakabidhi watu watatu: Mwalimu anayefundisha historia, Mzee aliyewahi kuvaa sare ya jeshi, na Kijana aliye chuoni. Mwisho nitasema langu.

MWALIMU: Shikamoo mzee. Naomba nianze, maana mimi ndiye mshtakiwa. Wanafunzi wangu hulicheka somo hili mpaka darasa la jirani huja kuchungulia. Nawaambia hivi: usiku wa Juni 16, Kanali William Prescott alitoka Cambridge na watu wapatao 1,200 akiwa na amri ya kujenga boma juu ya Bunker Hill. Kilima hicho kina futi 110, na kiko mbali kidogo na adui. Walipofika, maofisa wakaanza kubishana gizani. Usiku wa Juni kule ni mfupi, saa zinakwenda, na watu wamesimama na majembe mabegani wakingoja wakubwa wakubaliane. Hatimaye wakaenda kuchimba Breed's Hill, kilima cha futi 62 hivi, kilichosogea zaidi Boston na kwa hiyo zaidi kwenye mizinga ya Waingereza. Nao Waingereza wasijitape: ramani ya mapigano iliyochorwa na mhandisi wao, Luteni Page, iliyabadilisha majina ya vilima hivyo viwili, hiki kikapewa jina la kile.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Sasa nisikilize. Mimi nimechimba handaki usiku. Ukiwa gizani na koleo mkononi, hakuna futi 110 wala futi 62. Kuna udongo, kuna mwenzako anayehema, na kuna hofu ya mapambazuko. Watu wale walichimba tangu karibu saa sita ya usiku mpaka alfajiri, wakainua boma la mraba juu ya kilima kitupu, na kulipokucha walikuwa hawajalala, wana njaa, wana kiu, na hakuna wa kuwapokea zamu. Tena asubuhi ile ile risasi ya mzinga ikamkata kichwa mwenzao, Asa Pollard, mbele ya macho yao. Prescott akapanda juu ya ukuta wa boma, akatembea huku na huku wazi wazi ili wamwone hajaogopa. Unataka kuwacheka hao?

KIJANA: Mzee wangu, waliochimba hawakubishana. Waliobishana hawakuchimba.

MZEE: Hapo umenena, mwanangu.

MWALIMU: Nami nakubali. Tuwaache wachimbaji, tuwatazame wakubwa, tena wa upande wa pili. Wiki tatu kabla ya hapo, London ilikuwa imewaleta Boston majenerali watatu kwa mkupuo: William Howe, Henry Clinton na John Burgoyne. Meli iliyowaleta iliitwa Cerberus, jina la mbwa mwenye vichwa vitatu anayelinda lango la kuzimu katika hadithi za Wayunani. Mtunzi wa tamthilia angebuni jina hilo, angeambiwa amezidisha. Burgoyne alipoambiwa kwamba wakulima wameuzingira mji na askari wa mfalme wamebanwa ndani, alijigamba kwamba sasa wao wamefika, watapata nafasi ya kunyoosha viwiko. Neno hilo likamganda kama ulimbo. Oktoba 1777 alisalimisha jeshi lake zima huko Saratoga, na inasimuliwa kwamba alipokuwa akipitishwa barabarani, mateka, mwanamke mmoja mzee aliwapigia watu kelele wasogee wampishe jenerali anyooshe viwiko.

Rudi kwenye alfajiri ya Juni 17. Meli ya kivita Lively ikaliona boma, ikaanza kulipiga mizinga. Admirali Samuel Graves akaamshwa na mlio ambao hakuuamuru yeye. Akakasirika, akatuma amri waache mara moja. Wakaacha. Haukupita muda ikaja amri ya Jenerali Gage, mkuu wa jeshi lote pale: pigeni. Wakaanza tena.

MZEE: Huyo admirali namjua. Kila kikosi kina mkubwa anayeudhiwa na kelele kuliko adui.

MWALIMU: Umecheka, mzee.

MZEE: Nimecheka. Endelea.

MWALIMU: Basi sikia habari ya mizinga ya nchi kavu. Waingereza walivusha mizinga ya ratili 6. Walipofungua makasha ya risasi wakakuta za ratili 12. Risasi ya 12 haiingii kwenye mzinga wa 6, hata uombe dua gani. Ikabidi watumie risasi ndogo ndogo zinazofaa kwa karibu tu, na walipojaribu kuisogeza karibu, magurudumu yakazama kwenye tope. Mjini uvumi ukaenea kwamba mkuu wa mizinga alikuwa amezama katika mapenzi ya binti wa mwalimu mmoja wa Boston, na ndiyo maana hakukagua makasha.

KIJANA: Huo ni uvumi.

MWALIMU: Ni uvumi. Risasi za ratili 12 si uvumi. Lakini kisa kinachonishangaza zaidi ni cha maji. Rasi ya Charlestown wakati ule iliunganishwa na bara kwa shingo nyembamba sana. Clinton alishauri washuke hapo, nyuma ya boma. Ukiiziba shingo ile, kila aliye ndani amenaswa kama samaki kwenye dema. Wenzake wakakataa, wakaona afadhali waende mbele, uso kwa uso. Na kwenda mbele kulihitaji mashua, na mashua zilihitaji maji yajae. Mtu wa pwani yetu haelezwi jambo hili: maji yana saa zake. Mpaka walipotua ufukweni jua lilikuwa limeshapinduka, na wakulima walikuwa wamepata nusu siku nzima ya kurefusha ukuta wao na kushindilia majani ya malisho kwenye ua wa fito ulioteremka kuelekea mto Mystic.

MZEE: Niachie mimi sehemu inayofuata, kwa sababu nyinyi mtaipitia mbio. Askari wa mfalme walipanda kwa mistari, katika majani marefu, wakivuka nyua, na jua la Juni likiwachoma ndani ya makoti ya sufu. Waliokuwa bomani walikuwa na baruti kidogo, wakaamriwa wangoje. Ile amri maarufu kwamba wasifyatue mpaka wauone weupe wa macho ya adui, wengine humpa Prescott, wengine Jenerali Israel Putnam, na majeshi ya Ulaya yalikuwa na amri za namna hiyo zamani. Mimi sijali nani aliitamka. Najua maana yake: umwache mtu akusogelee mpaka umwone ana umri gani.

Wakarudishwa mara ya kwanza. Wakapanda tena, wakarudishwa. Mara ya tatu baruti ya wakulima ikaisha, Waingereza wakaingia bomani na singe. Jioni wakahesabu: upande wao 226 wameuawa, 828 wamejeruhiwa. Watu 1,054 kwa kilima cha malisho ya ng'ombe. Upande wa wakulima, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa walikuwa karibu 450. Mji wa Charlestown ukateketea kwa moto. Watu wa Boston walikuwa juu ya mapaa wakitazama waume na watoto wa watu wakianguka. Na maili kadhaa kusini, Abigail Adams alipanda kilima akiwa na mwanawe wa miaka saba, John Quincy, wakautazama moto na kuisikia mizinga. Mtoto yule alikuja kuwa rais wa sita wa Marekani, na siku ile hakuisahau mpaka uzeeni. Mwalimu, mbele ya mtoto yule ungechekesha?

MWALIMU: Mbele yake, hapana. Ningemshika mkono tu. Lakini mzee, waliocheka kwanza ni wao wenyewe waliokuwa vitani. Jenerali Nathanael Greene wa Rhode Island alimwandikia ndugu yake kwamba angependa kuwauzia Waingereza kilima kingine kwa bei ile ile. Greene hakuwa mtu wa mizaha. Aliona hesabu, akajua jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema kwa ufupi hivyo. Naye Clinton, upande wa washindi, alikiri kwamba ushindi ule ulinunuliwa ghali, na mwingine wa namna ile ungewamaliza. Mmoja alicheka, mwingine aliugua, na wote wawili walikuwa wanasoma hati moja ya mauzo.

KIJANA: Kwa hiyo nani alishinda? Mtihani unauliza, na majibu ya kuchagua ni mawili tu.

MWALIMU: Andika Howe, aliyeongoza shambulio. Yeye ndiye aliyebaki na kilima. Halafu ongeza kwa kalamu yako kwamba Gage alipokonywa ukuu, akarudi Uingereza kabla mwaka haujaisha. Na Machi 1776, mizinga ambayo Henry Knox aliileta kutoka ngome ya Ticonderoga ilipopandishwa usiku kwenye Dorchester Heights, vilima vinavyoitazama Boston, Howe alipanga kushambulia, dhoruba ikamzuia, akaghairi. Tarehe 17 Machi akapakia jeshi lake lote melini, akaondoka Boston.

MZEE: Haya, kwa kuwa mmenilegeza kidogo, nami nitoe changu, cha majembe. Jenerali William Heath amekiandika katika kumbukumbu zake. Kabla ya shambulio, Putnam alimfuata Prescott akamtaka azirudishe zana za kuchimbia zisije zikapotea. Prescott akamwambia: nikiwatuma watu wazipeleke, harudi hata mmoja. Putnam akamhakikishia watarudi wote. Watu wengi wakajitokeza kwa moyo mmoja kuyabeba majembe. Hakurudi hata mmoja. Hicho nakicheka, kwa sababu nawajua wale watu. Mtu amechimba usiku kucha, mizinga inavuma, akasikia kwamba kuna kazi ya kubeba jembe kuelekea nyuma! Hata mimi mguu ungenitangulia.

KIJANA: Kwa hiyo mzee, umehama upande?

MZEE: Sijahama. Sikia kisa cha pili. Kapteni John Callender alikuwa na mizinga siku ile, akaiondoa kilimani wakati wenzake wakiihitaji. Mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani, Jenerali George Washington, mkuu mpya wa jeshi la makoloni, akamfukuza jeshini mwezi Julai, na amri ikasomwa mbele ya jeshi zima. Bila shaka alichekwa. Yule bwana alifanya nini? Akarudi jeshini kama askari wa kujitolea, bila cheo. Agosti 1776, katika mapigano ya Long Island, maofisa wa kikosi cha mizinga walipoanguka, yeye akashika uongozi, akaendelea kupigana mpaka akatekwa kwenye mizinga yake. Washington akaamuru hukumu ile ifutwe. Hiyo ndiyo hofu yangu kuhusu kicheko, mwalimu. Kinamfunga mtu kwenye siku yake mbaya kuliko zote, na akijifungua mwenyewe, hakuna anayemngoja kumwona.

MWALIMU: Hilo sina jibu la haraka.

Naingia hapa kidogo. Hoja ya Callender ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko zote za Mzee. Admirali Graves aliamka na hasira, akakosea, na kesho yake bado alikuwa admirali. Callender alikosea siku hiyo hiyo, na ilibidi ajitoe kufa ili jina lake lisafishwe. Wote wawili wanaweza kuchekwa, lakini kicheko hakikuwagharimu sawa.

KIJANA: Nami nilete mtu ambaye hakuchekwa wala hakuliliwa. Kilimani walikuwepo wapiganaji weusi, watu huru na watumwa, bega kwa bega na wenzao. Mapokeo yanasema Peter Salem ndiye aliyempiga risasi Meja John Pitcairn wa wanamaji wa Uingereza. Alifariki mwaka 1816 katika nyumba ya maskini ya Framingham. Lakini ninayetaka kumtaja ni Salem Poor, wa Andover. Alizaliwa mtumwa. Mwaka 1769 alijinunua mwenyewe kwa pauni 27. Miaka sita baadaye akasimama kilimani.

Tarehe 5 Desemba 1775, maofisa 14 walitia sahihi barua kwa serikali ya Massachusetts, Prescott akiwa mmojawapo. Walieleza kwamba Poor alipigana kama ofisa mzoefu na askari bora kabisa, na kwamba anastahili kutuzwa. Mnajua alifanya nini hasa?

MZEE: Alifanya nini?

KIJANA: Hawakuandika. Walisema kuyaeleza matendo yake moja baada ya jingine kungekuwa kurefu na kungechosha.

MZEE: Kungechosha nani?

KIJANA: Ndivyo walivyoandika, mzee. Hakuna mpiganaji mwingine wa siku ile aliyeandikiwa barua ya namna ile, na aliyoyatenda yamepotea. Tunajua kilichomwamsha admirali. Tunajua uzito wa risasi iliyokosa mzinga. Tunajua jigambo la Burgoyne kuhusu viwiko. Wiki chache tu kabla ya barua ile, Washington alikuwa ameagiza watu weusi wasiandikishwe jeshini. Mwisho wa Desemba akalegeza amri kwa wale huru waliokwisha kutumikia. Kwa hiyo sahihi zile 14 ziliwekwa wakati ambapo mlango ulikuwa umefungwa. Nawaheshimu waliozitia. Lakini ningetamani mmoja wao angekuwa msimulizi kama wewe, mwalimu, hata angechekesha.

MWALIMU: Hapo ndipo nilipokuwa naelekea, na umenifikisha. Mnadhani watoto wangu wamekumbuka Bunker Hill kwa sababu ya kiwango cha utukufu? Wamekumbuka kwa sababu ya majembe na mbwa wa vichwa vitatu. Kisa kikichekesha, mtoto hukibeba nyumbani, humsimulia mdogo wake wakati wa kula. Salem Poor aliandikiwa sifa, na sifa haibebeki namna hiyo. Angalau barua ingesema alivua kofia, aliteleza, alimpokonya nani bunduki, leo tungekuwa naye.

MZEE: Na mnara? Si walijenga mnara ili watu wasisahau?

MWALIMU: Mnara nao! Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 17 Juni 1825, miaka 50 kamili, na Lafayette, yule Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, alihudhuria. Fedha zikaisha. Chama cha mnara kikauza sehemu kubwa ya uwanja wa mapigano kuwa viwanja vya nyumba ili kupata fedha za kujenga kumbukumbu ya uwanja huo. Bado hazikutosha. Mwaka 1840 wanawake, wakiongozwa na mhariri Sarah Josepha Hale, waliandaa maonyesho ya kuuza kazi za mikono na vyakula, wakapata dola 30,000 kwa siku chache. Mnara ukakamilika, na mwaka 1843 ukazinduliwa: granaiti ya Quincy, futi 221, ngazi 294. Unaitwa Mnara wa Bunker Hill, na umesimama Breed's Hill. Lafayette mwenyewe alichukua udongo wa pale ukafunika kaburi lake Paris. Amelala chini ya udongo wa Bunker Hill uliotoka Breed's Hill.

MZEE: Mwalimu, huyo mwache apumzike.

MWALIMU: Anapumzika vizuri, mzee. Udongo ni ule ule walioumwagia damu. Jina tu ndilo lililohama.

KIJANA: Na yule mtoto aliyeutazama moshi na mama yake?

MWALIMU: John Quincy Adams alikuwa hai mnara ulipozinduliwa, mzee wa miaka 75, maili chache tu kutoka pale. Hakwenda. Mgeni wa heshima alikuwa Rais John Tyler, mmiliki wa watumwa, na Adams hakustahimili kumwona mtu huyo akisherehekea uhuru mahali alipousikia mlio wa mizinga akiwa na miaka saba.

Mzee hakusema kitu baada ya hapo, na mimi niliahidi kusema langu.

Kwa majenerali, Mwalimu ameshinda. Watu waliopeleka risasi za ratili 12 kwa mizinga ya ratili 6, wakakataa ushauri wa Clinton, wakawapandisha vijana mara tatu kwenye kilima walichoweza kukizunguka, wanastahili kuchekwa kila Juni 17, na kicheko hicho ni haki ya wale 226. Kwa Callender, Mzee ameshinda, nami tangu leo sitalitaja kosa lake bila kuitaja Long Island. Kwa Salem Poor, Kijana ameshinda peke yake, na wengine sote tumeshindwa, kuanzia wale maofisa 14 walioona mambo yake ni marefu mno kuandikwa.

Waswahili wenzangu mnaoishi Boston na viunga vyake, mnara uko karibu nanyi. Wapelekeni watoto. Wahesabu ngazi 294, wacheke habari ya jina, wacheke habari ya admirali. Mkifika juu, watajieni Salem Poor, wa Andover, aliyejikomboa kwa pauni 27. Barua yake ingaliko, katika hifadhi ya nyaraka za jimbo la Massachusetts, na sahihi zote 14 zimo.